Gesi Isiyoonekana na Wajibu wa Kuikamata

Katika wodi nyingi za hospitali za Afrika Mashariki ipo mashine yenye magurudumu, ya ukubwa wa kabati dogo la kando ya kitanda, inayonguruma usiku na mchana. Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida na kumpa mgonjwa oksijeni. Wauguzi huitambua kwa sauti yake, na ndugu wa wagonjwa walizidi kuifahamu wakati wa janga la UVIKO-19. Ni wachache wanaojua kwamba kazi yake kuu hufanywa na punje za madini yanayoitwa zeolaiti. Hewa inaposukumwa kwa shinikizo kati ya punje hizo, naitrojeni hunaswa ndani ya vitundu vyake na oksijeni hupita. Shinikizo linapopunguzwa, naitrojeni huachiliwa, na mzunguko huanza upya.

Hata hivyo, mashine hiyo haitoi oksijeni tupu. Hutoa oksijeni ya takribani asilimia 93, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni argoni, gesi adimu ambayo zeolaiti ya aina hiyo haiwezi kuitenganisha na oksijeni. Argoni haimdhuru mgonjwa, ndiyo maana hakuna anayeilalamikia. Lakini inakumbusha kwamba kichujio huzuia kile tu kilichoundwa kukizuia, na kwamba gesi isiyoungana na kitu chochote ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kukamata.

Zeolaiti na madini ya ukoo wake sasa yanafanyiwa utafiti kwa kazi nyingine, iliyo mbali na wodi: kutenganisha kriptoni na zenoni, gesi adimu mbili zinazotoka katika fueli ya nyuklia iliyotumika pindi inapochakatwa upya. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo haipaswi kuachwa iwe suala la wahandisi peke yao. Ni suala la afya ya jamii. Anayezalisha gesi yenye mionzi ana wajibu wa kuikamata pale njia ya kuikamata inapopatikana, hata kama madhara yake kwa mtu mmoja mmoja ni madogo. Na teknolojia inayopunguza gharama ya kutimiza wajibu huo inastahili kuungwa mkono, bila kupambwa kwa ahadi isizoweza kuzitimiza.

Kinachotoka katika bomba la kiwanda

Fueli ya kinu cha nyuklia ni vidonge vya oksidi ya urani vilivyopangwa ndani ya mirija mirefu ya metali. Kiini cha atomi ya urani kinapopasuka, vipande vyake huwa viini vya elementi nyingine, zikiwamo kriptoni na zenoni. Gesi hizi ziligunduliwa na William Ramsay na Morris Travers jijini London mwaka 1898, kwa kuivukiza polepole hewa iliyofanywa kimiminiko. Majina waliyozipa yana asili ya Kigiriki: kriptoni ni iliyofichika, na zenoni ni mgeni. Majina hayo yaliwafaa, kwani katika hewa ya kawaida kriptoni ni takribani sehemu 1 kati ya milioni 1, na zenoni haifiki sehemu 1 kati ya milioni 10.

Baadhi ya mataifa hukusudia kuizika fueli iliyotumika ikiwa nzima. Mengine huichakata upya ili kupata urani iliyobaki na plutoni iliyozalishwa ndani yake. Kiwanda mashuhuri cha kazi hiyo kipo La Hague, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Huko mirija hukatwa vipande na vidonge huyeyushwa katika asidi ya nitriki iliyo moto. Wakati huo gesi zilizofungwa ndani ya vidonge kwa miaka mingi hutoka. Iodini, ambayo tezi ya shingoni ingeinyonya, hukamatwa kwa sehemu kubwa. Chembechembe nazo huchujwa. Lakini kriptoni na zenoni, kwa kuwa haziungani na kemikali za vichujio, hupita na kutoka nje kupitia bomba refu. Kriptoni-85 inayotolewa La Hague hufikia mamia ya petabekereli kwa mwaka; petabekereli 1 ni atomi trilioni 1,000 zinazogeuka na kutoa mionzi kwa kila sekunde. Utoaji huo haufichwi wala haukiuki sheria. Una kibali, hupimwa na hutangazwa.

Zenoni haina tatizo la mionzi katika hatua hiyo. Zenoni-133, ambayo madaktari waliitumia kwa miaka mingi kupiga picha za mapafu, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 hivi, ilhali fueli hupozwa majini kwa miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Inapofika kwenye asidi, zenoni iliyomo ni tulivu kabisa kwa kipimo chochote cha kitabibu. Kriptoni-85 ni jambo jingine. Nusu-maisha yake, yaani muda unaotakiwa ili nusu ya atomi zake zigeuke, ni karibu miaka 10.8. Mtoto akizaliwa siku ambayo gesi hiyo inatoka, nusu yake itakuwa bado angani mtoto huyo akiwa darasa la tano.

Mvua haiisafishi, mimea haiinyonyi, na bahari huchukua kiasi kidogo mno. Viwanda vikubwa vya uchakataji vyote vipo kaskazini mwa Ikweta, lakini pepo huichanganya gesi hiyo na anga lote la dunia katika muda wa mwaka mmoja au miwili hivi. Hewa inayopumuliwa Mbeya au Bujumbura nayo ina kriptoni-85, kwa kiwango kilicho chini kidogo tu ya kile cha Ulaya. Aliyewasha taa kwa umeme wa fueli hiyo alikuwa upande mmoja wa dunia, na anayepumua masalio yake yuko upande mwingine.

Udogo wa madhara si kibali

Haki inataka isemwe wazi kwamba kriptoni-85 si sumu ya kumkosesha mtu usingizi. Mionzi yake kwa sehemu kubwa ni ya beta, ambayo hushindwa kupenya mbali zaidi ya ngozi, na gesi yenyewe haibaki mwilini: huingia na kutoka kwa pumzi. Kiwango chake katika hewa ya Ulaya ni takribani bekereli 1.5 kwa mita ya ujazo. Radoni, gesi adimu nyingine inayotoka ardhini, hufikia wastani wa bekereli 40 hivi kwa mita ya ujazo ndani ya nyumba za watu duniani, na vizalia vyake hutua ndani ya mapafu na kukaa humo. Wastani wa mionzi ya asili anayoipata binadamu ni milisiverti 2.4 kwa mwaka. Mchango wa kriptoni-85 ni mdogo kuliko huo kwa maelfu mengi ya mara. Daktari atakayewatisha wananchi kwa gesi hii atakuwa ameipotosha taaluma yake.

Je, basi iachiwe? Hapa ndipo tiba ina la kufundisha. Picha ya eksirei ya kifua humpa mgonjwa dozi ambayo kwa kawaida haizidi milisiverti 0.1 hivi. Ni dozi ndogo. Lakini mpiga picha mwenye maadili haipigi bila sababu, huubana mwali ufunike kifua tu, na humuuliza mwanamke kama ni mjamzito. Hafanyi hivyo kwa kuwa picha moja itaua. Anafanya hivyo kwa kuwa kinga dhidi ya mionzi imejengwa juu ya kanuni tatu: kila dozi iwe na uhalali, iwe ya chini kadiri inavyowezekana kwa kuzingatia hali ya uchumi na ya jamii, na isivuke kikomo. Wanaotetea kuachiwa kwa kriptoni hutaja kanuni ya tatu peke yake: kikomo hakijavukwa. Ni kweli hakijavukwa. Lakini kikomo hakikuwekwa kiwe ruhusa ya kujaza nafasi yote iliyo chini yake. Kanuni ya pili inauliza swali tofauti, nalo ni kama ingewezekana kutoa pungufu ya hapo.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Mgonjwa wa eksirei ndiye anayefaidika na picha, na anaweza kuikataa. Anayepumua kriptoni-85 hakuulizwa, hawezi kuikataa, na mara nyingi hafaidiki kwa lolote. Madaktari wa usingizi wanaielewa hali hii vizuri. Mvuke wa dawa za usingizi unaotoka kwa mgonjwa aliye mezani hupaswa kuvutwa na kutolewa nje ya chumba cha upasuaji, kwa sababu muuguzi aliyesimama kando hakuja kulazwa usingizi. Hakuna anayesubiri muuguzi aanguke ndipo mfumo wa kuvuta mvuke ufungwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Mataifa yanayotaka kupunguza moshi wa makaa ya mawe yanaitazama upya nishati ya nyuklia, na yanayotaka kuitumia urani kikamilifu yanautazama upya uchakataji. Iwapo kazi hiyo itaongezeka, kiasi kinachoitwa kidogo leo kitakuwa kimepewa uhalali wa desturi kabla ya kuwa kikubwa. Ni rahisi kuweka sharti kwa kiwanda ambacho bado kipo kwenye karatasi kuliko kukibomoa kilichokwisha kujengwa ili kukiongezea kichujio.

Kwa nini haijakamatwa

Kriptoni inaweza kukamatwa, na hilo si jambo jipya. Huko Idaho, Marekani, ilikusanywa kwa miongo kadhaa kwa njia ya baridi kali, na Japani ilijenga mtambo wa majaribio wa kazi hiyo Tokai. Njia hiyo hutegemea tofauti ya nyuzi za kuchemka: zenoni huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi 108 chini ya sifuri, na kriptoni kwenye nyuzi 153 chini ya sifuri. Gesi zikipozwa hadi kuwa vimiminiko, zinaweza kutenganishwa kama pombe inavyotenganishwa na maji kwa kukenekwa.

Tatizo ni gharama na hatari. Kupoza hewa nyingi ili kupata gesi chache hula umeme mwingi. Zaidi ya hayo, oksijeni iliyobaki ndani ya mchanganyiko ikipigwa na mionzi hugeuka kuwa ozoni, na ozoni iliyorundikana katika baridi hiyo inaweza kulipuka. Mwaka 1977 Marekani iliweka kanuni inayozuia kriptoni-85 inayotolewa isizidi kyuri 50,000 kwa kila gigawati-mwaka ya umeme unaozalishwa, kanuni ambayo isingeweza kutimizwa bila kukamata sehemu kubwa ya gesi hiyo. Lakini kiwanda cha kibiashara cha West Valley, katika jimbo la New York, kilikuwa kimesimamisha uchakataji tangu mwaka 1972. Kanuni ilibaki bila kiwanda cha kuitekeleza, na viwanda vya Ulaya viliendelea bila kanuni ya namna hiyo. Miaka ikapita, na kilichokuwa swali la nani atalipa kikaanza kuelezwa kana kwamba ni swali la kipi kinawezekana.

Utando wa madini

Hapa ndipo zeolaiti inapoingia. Jina hilo lilitungwa na Msweden Axel Fredrik Cronstedt mwaka 1756, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, baada ya kuona madini hayo yakitoa mvuke yalipopashwa moto. Mvuke huo ulikuwa maji yaliyojificha katika vitundu vya ndani. Vitundu hivyo havikutokea ovyo: vimepangwa kwa mpangilio wa fuwele, na katika aina moja ya madini vyote vina upana uleule.

Aina iliyovutia watafiti wa gesi adimu ni fuwele ya ukoo huo iitwayo SAPO-34, iliyoundwa kwa silikoni, alumini, fosforasi na oksijeni. Mlango wa kitundu chake una upana wa nanomita 0.38 hivi. Kriptoni, kwa kipimo kinachotumika katika kazi hii, ina upana wa takribani nanomita 0.36, na zenoni takribani 0.40. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kriptoni hupita mlangoni, zenoni hukwama au hupita kwa shida, kama chekeche inayopitisha chenga za mchele na kubakiza mchele mzima. Tabaka jembamba la fuwele hizo likioteshwa juu ya mrija wa seramiki wenye matundu huwa utando, na mchanganyiko wa gesi ukisukumwa upande mmoja, upande wa pili hutoka gesi yenye kriptoni zaidi. Watafiti wa Georgia Institute of Technology mjini Atlanta na wa Colorado School of Mines mjini Golden wamekwisha kutengeneza na kupima tando za namna hiyo katika maabara.

Yupo atakayeuliza sababu ya kuzitenganisha gesi hizo badala ya kuzifungia pamoja. Jibu limo katika hesabu. Katika gesi inayotoka kwenye fueli iliyotumika, zenoni ni nyingi kuliko kriptoni kwa takribani mara 10, na zenoni hiyo haina mionzi ya kuhofiwa. Kuzihifadhi pamoja ni kujenga ghala la mitungi 11 ili kulinda yaliyomo katika mtungi 1. Zikitenganishwa, kinachohitaji ulinzi ni kriptoni peke yake. Ikihifadhiwa miaka 100, mionzi yake hupungua hadi karibu sehemu 1 kati ya 600. Tofauti na taka nyingine za nyuklia zinazodai ulinzi wa maelfu ya miaka, hii ni kazi ambayo kizazi kimoja kinaweza kuianza na wajukuu wake wakaimaliza.

Utando hufanya kazi bila baridi kali, hauna vyombo vingi vinavyozunguka, na haurundiki ozoni ya kulipuka. Hata hivyo una mipaka yake, na kuinyamazia si kuisaidia teknolojia. Ufa mmoja mdogo katika tabaka la fuwele hupitisha kila kitu. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni nyingi mno katika gesi ya kiwandani, nazo ni nyembamba kiasi cha kupita mlango uleule. Kwa hiyo kriptoni na zenoni ni lazima kwanza ziondolewe katika hewa kwa njia nyingine, ndipo utando uzitenganishe. Kutengeneza utando wa ukubwa wa kiganja katika maabara ni tofauti na kutengeneza mita za mraba nyingi zisizo na dosari. Na hata kriptoni ikipatikana, inapogeuka huwa rubidi, metali inayoweza kula ukuta wa mtungi wa chuma. Kwa sababu hiyo wapo waliojaribu kuifungia kriptoni ndani ya vitundu vya zeolaiti yenyewe badala ya kuiweka katika mtungi wa shinikizo. Mambo haya yanataka fedha za utafiti na muda. Hakuna hata moja lililo sababu ya kukata tamaa.

Zenoni na ahadi kwa wagonjwa

Wanaoitetea kazi hii mara nyingine huongeza kwamba zenoni itakayopatikana itauzwa hospitalini. Dai hilo linahitaji kuchunguzwa na watu wa tiba, kwa kuwa wao ndio wanaotajwa ndani yake.

Ni kweli kwamba zenoni ni dawa ya usingizi ya aina ya pekee. Stuart Cullen na Erwin Gross waliripoti mwaka 1951 kwamba imemlaza binadamu usingizi wa upasuaji. Mgonjwa huamka upesi, moyo hautikiswi sana, na gesi ikitoka hewani haiongezi joto la dunia, tofauti na desflureni ambayo, uzito kwa uzito, hunasa joto kwa zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi. Kinachoizuia kuenea ni bei, kwa kuwa hutolewa katika hewa ambamo ni adimu mno. Ni kweli pia kwamba zenoni-129, ikiandaliwa kwa miale ya leza, huonyesha mapafu katika mashine ya MRI kwa ubora wa kustaajabisha, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo Desemba 2022.

Lakini zenoni inayotokana na mpasuko wa urani haina zenoni-129 ya kutosha kwa kazi hiyo. Mnyororo wa atomi ambao ungeizaa hukwama kwenye iodini-129, ambayo nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka milioni 15. Zenoni ya fueli ni ya namba nyingine: 131, 132, 134 na 136. Hivyo anayeahidi picha za mapafu kutokana na fueli iliyotumika anaahidi kitu ambacho fizikia haikukiweka humo. Kwa upande wa dawa ya usingizi, namba ya isotopu haina shida. Shida ni usafi. Utando unaobakiza sehemu 1 ya kriptoni kati ya 1,000 ni ushindi mkubwa kwa mhandisi, lakini kwa daktari wa usingizi ni gesi yenye mionzi inayoingizwa katika mapafu ya mgonjwa kwa saa tatu mfululizo. Mpaka usafi wa kiwango cha dawa uthibitishwe na mamlaka za dawa, njia ya busara ni zenoni hiyo itumike viwandani na katika injini za satelaiti, na ile inayotolewa katika hewa safi ibaki nyingi zaidi kwa ajili ya hospitali. Faida kwa mgonjwa ingekuwapo, ila ingepitia njia ndefu. Ukweli huo unatosha. Hauhitaji kutiwa chumvi.

Tiba ifagie uwanja wake

Itakuwa vigumu kwa madaktari kuwanyooshea kidole wazalishaji wa umeme ikiwa hawatautazama uwanja wao wenyewe. Vipimo vya mifupa, moyo na figo vinavyofanywa katika idara za tiba ya nyuklia, ikiwamo ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, hutegemea teknesi-99m. Teknesi hiyo huzaliwa na molibdeni-99, na molibdeni-99 nyingi duniani hupatikana kwa kuipasua urani na kuiyeyusha siku chache baadaye. Hapo fueli haikupozwa kwa miaka, kwa hiyo zenoni-133 hutoka ikiwa bado kali. Viwanda huipitisha katika makaa maalumu ili kuichelewesha mpaka ipungue, lakini sehemu yake hufika angani.

Zenoni hiyo ya tiba imezua usumbufu usiotarajiwa. Mkataba wa kupiga marufuku kabisa majaribio ya silaha za nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1996, una mtandao wa vituo 80 vya kupima mionzi hewani, na kimoja kipo Dar es Salaam. Katika nusu ya vituo hivyo hupimwa pia zenoni yenye mionzi, kwa sababu ndiyo inayoweza kupenya na kuliumbua jaribio lililofanywa chini ya ardhi. Gesi ya viwanda vya dawa huwachanganya wapimaji. Baadhi ya wazalishaji wamekubali kulenga utoaji usiozidi bekereli bilioni 5 kwa siku. Walikubali ingawa hakuna jirani aliyeugua. Ikiwa sekta ya tiba imeweza kukubali kwamba udogo wa dozi haumalizi hoja, sekta ya umeme inaweza kuombwa ikubali vivyo hivyo.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la fedha. Fedha za kukamata kriptoni zingenunua vyandarua, chanjo na oksijeni, na zingeokoa watu wengi zaidi kwa hakika. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imekosea mfuko. Fedha za kichujio hazitoki katika bajeti ya malaria. Zinatoka katika bei ya umeme wa anayeizalisha gesi, na zikisamehewa hazihamii katika wizara ya afya ya nchi yoyote. Hubaki kuwa nafuu ya mwenye kiwanda. Anayechafua ndiye anayepaswa kusafisha. Kanuni hiyo hutumika kwa kiwanda cha ngozi kilicho kando ya mto, na hakuna sababu isitumike kwa bomba la La Hague.

Pingamizi la pili ni la usalama. Kriptoni-85 ni dalili ya kwamba mahali fulani plutoni inatenganishwa, na wapo wanaohofu kwamba kuikamata ni kuwafundisha wenye nia mbaya kujificha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini viwanda vilivyotangazwa hukaguliwa kwa njia nyingine, na gesi yao nyingi ndiyo inayofunika ile kidogo ambayo kiwanda cha siri kingeitoa. Anayetaka kusikia mnong'ono hulazimika kwanza kuzima redio.

Maswali ya kuuliza mapema

Afrika Mashariki haichakati fueli ya nyuklia, na haitarajiwi kufanya hivyo karibuni. Lakini haipo nje ya mnyororo huo. Tanzania ina urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Kenya ina wakala wa serikali wa nishati ya nyuklia tangu mwaka 2019, na Uganda inapanga kinu huko Buyende. Mikataba ya namna hii huzungumza sana juu ya megawati, mrabaha na ajira. Inafaa izungumze pia juu ya mwisho wa fueli. Je, fueli itakayotumika itazikwa au itachakatwa? Ikichakatwa, ni katika kiwanda gani, na kiwanda hicho hukamata gesi kiasi gani? Nani atalihudumia ghala la mitungi ya kriptoni kwa miaka 100? Haya si maswali ya uadui kwa nyuklia. Ni maswali ambayo muuzaji makini anapaswa kuwa na majibu yake tayari.

Vyuo vikuu vya tiba vina nafasi ya kuyauliza kwa sababu vina wataalamu wa mionzi, wa mapafu na wa usingizi wanaoweza kuyatofautisha madhara halisi na ya kufikirika, na kwa sababu hawauzi umeme wala urani. Wakishirikiana na wanakemia wa vyuo jirani, wanaweza pia kushika sehemu yao ya utafiti. Zeolaiti si kitu kigeni kwa watu hawa: ipo wodini, ndani ya mashine ya oksijeni, na mafundi wa vifaa tiba huibadilisha inapochoka. Wanaojua kwa nini mashine hiyo huishia kwenye asilimia 93 wamekwisha kuelewa nusu ya tatizo la kriptoni. Nusu iliyobaki si ya kemia. Ni ya kuamua kwamba hewa inayopumuliwa na wote isitumike kama ghala la bure la taka za wachache, hata kama taka hiyo ni kidogo, haina rangi na haina harufu.